Dumu la oili kwenye stoo ya mama

Deus rafiki yangu, nimeua gari la baba. Nimeliua kabisa.

Injini ilikuwa inagonga. Nikapima oili, kijiti kikavu. Nikafurahi! Nikajua ugonjwa nimeupata, nitamtibia baba gari lake kabla hajatoka msikitini.

Stoo kuna dumu la oili. Nikamimina lote. Nikawasha: kimya! Haigongi! Nikamwita mama aje asikie, akasikia, akarudi ndani.

Halafu ikazima. Ikanuka sukari iliyoungua. Nikachovya kidole kwenye dumu, nikalamba.

Asali, Deus. Asali ya nyuki wadogo! Mama aliihifadhi humo. Nimetia asali kwenye injini!

Na kesho gari hilohilo linampeleka bibi hospitali.

Baba karudi sasa hivi, anatabasamu: "Mama yako kaniambia. Haligongi tena, mwanangu?"

Nikamjibu, "Haligongi, baba."