Leseni za Watu Arobaini na Sita

Kayole, 9 Machi 1998

Baba mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Na Mama, bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii.

Kampuni yetu ya malori inanunua programu ya barua za kompyuta, ili ofisi ya hapa Industrial Area iandikiane na Mombasa na Busia bila kupigania simu. Kazi nimepewa mimi. Nilimpa muuzaji, Bwana Kiarie, majina ya makarani wote arobaini na sita, kwa sababu niliwaahidi kila mmoja sanduku la barua lenye jina lake. Akarudi na bei: shilingi elfu nne za leseni kwa kila jina. Meneja wetu, Bwana Andati, alicheka.

"Mwongeli, tunanunua barua au shamba?"

Kisha akaniambia ninunue leseni moja, niinakili programu kwenye kompyuta zote, halafu nitie sahihi fomu kwamba zote zimelipiwa. Eti ofisi zote mjini hufanya hivyo. Lakini sahihi ni yangu, Baba, si yake. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Mei, na nikikataa hautaongezwa. Amenipa hadi tarehe tatu Aprili.

Najiuliza kama huu ni uaminifu au ni majivuno tu.

Binti yako,
Mwongeli

Kilungu, 17 Machi 1998

Kwako mama yangu mdogo (umebeba jina la mama yangu, siwezi kukuita vingine),

Mguu unatembea, polepole. Mama yako anakohoa lakini bado ananigombeza, kwa hivyo hajambo.

Usitie sahihi uongo. Hilo sitalirefusha.

Ila nina swali. Hao watu arobaini na sita wanaketi kwenye mashine ngapi? Nilipokuwa reli, tukiishi Makongeni, chumba chetu cha telegramu kilikuwa na makarani tisa wa zamu na mashine mbili. Reli ilinunua mafuta ya mashine, haikununua mafuta ya makarani. Pengine haya ya zamani hayahusiani na yako. Uliza tu.

Baba yako,
Ngui

Kilungu, 11 Mei 1998

Mama,

Sisi tu wazima, lakini wiki tisa sasa hujaandika. Mama yako anasema umefukuzwa na unaona haya. Mimi nasema una kazi nyingi. Tumegombana tangu Jumamosi. Kama umefukuzwa, njoo nyumbani. Chumba chako kipo, ila kimejaa mahindi.

Baba yako

Kayole, 24 Mei 1998

Baba mpendwa na Mama,

Nisameheni. Sijafukuzwa. Nilinyamaza kwa sababu Bwana Andati naye alikuwa kimya kuhusu mkataba, na sikutaka kuwatumia habari nusu.

Barua yako ya Machi ilipofika nilizunguka nikihesabu, na za Mombasa na Busia nikaziuliza kwa simu. Kompyuta kumi na tano! Makarani wanapokezana kwa zamu, watatu au wanne kwenye meza moja. Nikamwuliza Kiarie kama hakuna leseni inayohesabu mashine.

Alivua miwani. "Ipo."

"Mbona hukuniambia?"

"Dada, wewe uliniletea majina."

Ni kweli, kosa lilikuwa langu. Leseni ya mashine ni elfu tano, lakini ni kumi na tano tu, na kila karani anabaki na sanduku lake. Nilisoma masharti mara mbili, nikamtaka aliandike jambo hilo kwa karatasi. Andati alizitazama hesabu, akakuna kidevu, akalipa zote. Nikatia sahihi.

Matheka, karani wetu wa Busia, ndiye aliyeandika wa kwanza, kwa kampuni nzima: "Hapa Matheka. Nimefika?" Watu wote wakamjibu kwa pamoja, laini ikaziba asubuhi nzima.

Ijumaa Andati aliniletea barua ya ajira ya kudumu.

"Tia sahihi hapo, niende zangu."

Nikasema nitaisoma kwanza.

"Hata yangu?"

"Hata yako, Bwana Andati."

Nimeisoma hapa nyumbani leo, taratibu, na chai. Mshahara ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Lakini kipengele cha saba kinanipa likizo ya siku kumi na nne kwa mwaka, na Jecinta wa mapokezi ana ishirini na moja. Kesho nitamwuliza Andati kwa nini.

Mama yako mdogo,
Mwongeli