Usitoe Ndoo Nje

La Rochelle, Johannesburg

Papa Shekinah,

Sisi tuko wazima. Shekinah ameng'oka jino la mbele, sasa kila akisema "Papa" anatoa mluzi. Cherehani yangu imetengenezwa. Joto linatusumbua, lakini najua huko Kalahari, unakochunga kondoo wa watu, ni tanuru kabisa.

Ujumbe wako wa sauti niliuweka kanisani Jumapili, wote wasikie: "Ngurumo zinalia, natoa ndoo nje, mvua inakuja!" Wamama walipiga vigelegele. Tukaomba kwa sauti kubwa Mungu aongeze ngurumo, kama vile tuko kwetu Uvira, ambako ngurumo huleta mvua.

Tangu siku hiyo simu yako haipatikani.

Jana nilimsimulia mama mwenye nyumba, mzaliwa wa huko Kalahari. Akaacha kufagia. "Mama Shekinah, kwetu ngurumo za joto hili hazina maji. Radi inapiga nyasi kavu, moto unakula kila kitu." Eish! Na sisi tuliomba ziongezwe!

Emery, nakusihi, waache kondoo. Tajiri wako ana gari, wewe una miguu tu. Ukisikia ngurumo tena, usitoe ndoo. Shika barabara ya lami, ukimbie. Barua hii nampa dereva wa lori anayepita huko. Akukute, Emery. Akukute tu.

Hapa mvua inanyesha tangu asubuhi. Ndoo zetu zote zimejaa, zinamwagika, na sijui haya maji niyapeleke wapi.

Mke wako,
Mamie