Udongo wa Pale Petu

Loitokitok, Jumapili

Dada Ruth wa Kitengela, supa!

Yeyo ni mzima, mama ni yule yule. Bado anafunga dirisha na lile pazia la magunia, jipya hataki.

Kazi yangu ya kupima udongo wa kinamasi imeisha. Nilitafuta mahali pasafi, nilinganishe na udongo wa kando ya mashamba ya nyanya, nikachagua pale petu kwenye matete, tulipokuwa tukiogelea. Ruth, ndipo pabaya kuliko pote! Fosforasi, ile ya mbolea, imejaa mpaka vijidudu vya udongo vimeacha kutoa kimeng'enya cha kuitafuta. Nani ahangaike kutafuta chakula akiwa ameletewa?

Siku mbili nililaumu wenye nyanya, na hakuna shamba karibu na pale. Kisha nikaliangalia lile pazia. Unakumbuka? Kila msimu Yeyo alitutuma pale kufua magunia ya mbolea, ashonee majirani mapazia. Tulirushiana punje zilizobaki tukicheka.

Kwa ripoti nimeandika ukweli. Lakini jana Yeyo aliniuliza kama pale petu bado ni pazuri, nikamwambia ndiyo. Ukimpigia simu, mwambie hivyo hivyo.

Mdogo wako niliyekuwa nashika upande ule mwingine wa gunia,
Soipan