Sahani za Shangazi

Jumatatu, 9 Januari 1961
Mimi ndiye ninayekula kiporo. Si paka. Sijamwambia mtu. Leo asubuhi Mama amemfukuza paka wa watu kwa ufagio, na mimi nimesimama kando, kimya, nakwangua sufuria.

Silali. Tangu nimalize skuli mwezi uliopita silali. Najilaza macho wazi, nawaza kama Baba ataniruhusu nikasomee ualimu. Mwalimu wetu alimwambia nafasi ipo, atoe jawabu kabla ya Ramadhani. Baba alisema ataangalia. Bado anaangalia. Kumuuliza siwezi, mbele yake ulimi hunifia. Basi naamka, naenda jikoni, nala wali wa baridi mpaka kifua kitulie. Kisha naona haya.

Alhamisi, 12 Januari
Gauni langu halifungi. Nimelia. Mama amefumua mishono ya ubavuni.

Alasiri amekuja Shangazi Mwanakombo, dada yake Baba. Ni yeye tu ninayeweza kumwambia mambo. Nimemwambia habari ya ualimu, na kwamba silali. Ya kiporo nimeificha. Akasema, "Niachie mimi babako. Yule nimembeba mgongoni, kamasi zikimtoka." Nimecheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumanne, 17 Januari
Sasa kila alasiri Shangazi anakuja na sahani iliyofunikwa kawa. Jana biriani ya kuku. Leo mkate wa sinia. "Kula, mwanangu. Ukishiba utalala." Nala yote. Usingizi hauji, lakini nala. Nahisi kuna mtu ananipigania.

Kurudisha sahani tupu ni aibu. Nimepika kashata za nazi, nikazipanga vizuri. Shangazi amezitazama muda mrefu.
"Umepika mwenyewe? Kwa hiari yako?"
Nikasema ndiyo. Akazifunika upesi.

Jumapili, 22 Januari
Nimenenepa mpaka watu wanasema. Bi Mize, jirani, ameniita kutoka dirishani kwake: "We mwari! Huko kwenu mnapikiwa nini, mbona watupita sote?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba hunitazama nikipita, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nadhani Shangazi keshazungumza naye. Nadhani atakubali.

Alhamisi, 26 Januari
Wamekuja wanawake watatu kutoka Mtongwe, pamoja na Shangazi. Nimewaamkia, nimewapa kahawa, nikakaa macho chini. Mkubwa wao, Bi Rukia, akanishika mkono, akauminya kama anayechagua kuku sokoni.
"Mashaallah. Kashata zako zilifika, mwanangu. Athmani wangu alizimaliza peke yake, mchoyo yule!"

Simjui Athmani.

Ni mwanawe. Sahani zote zilitoka jikoni kwake. Nilikuwa nalishwa na nyumba ya watu wanaoniposa, nami nikawapelekea kitu cha mkono wangu. Kwao hilo limekuwa jawabu.

Shangazi alikuwa ameketi pale pale. Hakunitazama.

Ijumaa, 27 Januari
Mama amenieleza yaliyobaki. Shangazi hakumwambia Baba hata neno moja la kuniombea. Alimwambia ualimu nimeshausahau. "Msichana mwenye huzuni hukonda," alimwambia. "Huyu ananawiri. Ametulia, anataka kwake." Baba akaamini. Mama naye akaamini. Wote waliangalia mashavu yangu. Macho yangu mekundu hakuna aliyeyaona.

Nimemngoja Shangazi uani. Nikamwambia, "Nilikwambia silali."
Akatengeneza buibui lake. "Wasichana wote hawalali. Nani alikutia tonge mdomoni? Ulikula mwenyewe." Akacheka kidogo.

Namchukia. Kicheko kile ndicho kilichoniuma kuliko uongo. Alipoondoka nimekula mkate mzima mkavu, nimesimama, bila chai. Sikusikia ladha.

Jumapili Baba ataniuliza mbele ya Amu, ndugu yake, kama naridhia. Nikinyamaza imekwisha. Kimya cha mwari ni ndiyo. Na mimi tangu kuzaliwa ni mtu wa kunyamaza.

Jumapili, 29 Januari
Baba aliuliza huku akitazama mkeka. Nilinyamaza. Nikamsikia Amu akianza, "Alhamdulillahi..."

Nikasema, "La, Baba."

Sauti ilitoka ndogo, kama si yangu. Baba akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha yakamwagika yote. Kwamba nakesha. Kwamba huamka nikala kiporo. Kwamba unene huu ni wa kukosa usingizi na kuogopa, si wa raha. Kwamba ualimu nautaka hivi sasa kuliko zamani.

"Kumbe paka wa watu!" Mama akasema, akajiziba mdomo.

Amu akasema nimepagawa, nisomewe. Baba akanigeukia. Akaniuliza kama ni kweli sijalala tangu nitoke skuli. Nikasema, "Wallahi, Baba." Akainuka, akavaa kofia, akaenda Mtongwe mwenyewe kwa miguu.

Jumamosi, 4 Februari
Harusi hakuna. Baba alisema hivyo tu aliporudi. Ualimu hajautaja, ila jana wakati wa chakula aliuliza chuo hicho kiko mbali kiasi gani. Nikamjibu. Akaendelea kula.

Nimelala usiku mzima. Juzi pia. Mama aliniacha mpaka jua likaingia chumbani.

Shangazi haji tena. Wanasema amevunjiwa uso Mtongwe, hataki hata kusikia jina langu. Na iwe hivyo. Sitamsamehe.

Lakini ikifika alasiri nasikiliza mlango. Si kwa ajili ya chakula, nakula vizuri tu. Ni sauti yake ya kupiga hodi. Alinitoa kama mbuzi wa sadaka, na bado namtaka. Hili hata Mama hajui. Nakuomba, daftari langu, libaki hapa, lisimfikie mtu. Yeye hasa.