Wingu Lililotandaa Kama Chapati

Muhindo mjukuu wangu,

Huku Bwera tumeamka vizuri, mama yako anauza vitunguu, ila goti langu bado linanisumbua. Umeuliza zamani tulijuaje mvua itanyesha kule Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Hatukujua, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Nilikuwa msichana, na kidimbwi changu cha kwanza cha chumvi nilikipata kwa jasho langu. Wingu likapanda juu ya milima, nikakimbia kuvuna nusu ya chumvi ikiwa haijakomaa. Wingu likafika katikati ya mbingu, likatandaa kama chapati, likaisha. Biira, jirani yangu wa kidimbwi, akacheka: "Wee, umekimbia moshi!"

Kesho yake likapanda lingine kama lile. Nikatulia, nisichekwe. Likapanda bila kusimama, na mvua ikayeyusha chumvi yote ya Biira na nusu yangu iliyobaki.

Sasa unaandika kwamba huko unakosomea mambo ya mawingu, kwenye rasi yenye bahari pande mbili, hewa ya juu kabisa ikikandamiza, mawingu hayapandi. Ikilegea, radi zinapiga. Sielewi. Kama ilikandamiza siku ile, mbona kichwani sikuisikia?

Lakini leo nina vidimbwi vitatu kule Katwe, na chumvi imeanza kuganda. Kama unaiona hewa ya huku ukiwa huko, ikilegea nipigie simu. Biira bado ni jirani yangu, na bado anacheka.

Bibi yako