Chemchemi ya Mume Wangu Ni Bomba Lililopasuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaota magamba. Mimi ni mke wa mtu maarufu, usicheke, mume wangu anajitolea kila Jumamosi kwenye hifadhi ya ardhioevu iliyo mwisho wa mtaa wetu, ile yenye matete na njia ya mbao, na huko anang'oa magugu maji, anahesabu ndege, anawatembeza wanafunzi na kuwakataza kutupa maganda ya karanga, na wote wanamwita Mzee wa Matete, wanamsikiliza akisema, wanacheka hata pale ambapo hajachekesha. Sina ugomvi na ndege. Tangu kiwanda kilipomwachisha kazi ya stoo alikuwa anashinda sebuleni akibishana na redio, kwa hiyo alipopata pa kwenda nilishukuru, nikamfulia hata zile suruali zake za tope bila kunung'unika. Sawa, nilinung'unika kidogo.

Balaa lilianza pale hifadhi ilipoanzisha mpango wa jamii, kila mjitoleaji awe na kibwawa nyumbani kwake, na walisema wazi kabisa, beseni moja la maji lizikwe ardhini, mimea miwili mitatu, basi, ili vyura na kereng'ende wapate pa kupumzika. Wenzake walizika mabeseni. Wangu alikuwa bado anatafuta beseni wakati bomba letu la uani lilipopasuka chini ya ardhi, mimi nikamwambia amwite fundi, naye akasimama pale akitazama maji yanavyochuruzika kama mtu aliyeoneshwa mchumba. Hakumwita fundi. Alipanda matete. Leo ua wangu mzima ni kinamasi, mshauri, kamba ya nguo iko katikati ya maji na naanika nikiwa nimevaa mabuti yake, ukuta wa jiko umeota ukungu, na juzi nimekatazwa kumwaga maji ya vyombo kwenye ua wangu mwenyewe kwa sababu eti sabuni inawasumbua viluwiluwi.

Yote hayo ningeyavumilia, mimi ni mvumilivu, waulize majirani. Lakini dada mratibu wa wajitoleaji alikuja kukagua vibwawa, alipofika kwetu akashika mdomo, akauliza maji yote haya yanatoka wapi, na mume wangu, mbele yangu, nikiwa na sinia la chai mkononi, akajibu bila kupepesa jicho, "Hii ni chemchemi, dada. Ilikuwepo miaka yote, sisi tumeipisha tu."

Mimi nikamimina chai.

Sasa ua wetu umetangazwa kuwa mfano wa kuigwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi kikundi kizima kinakuja kuiona chemchemi, mume wangu anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo, na kila nikitaja fundi ananiambia niwe na subira, viluwiluwi hawajaota miguu.

Mshauri, mimi ningengoja hata waote meno, lakini mama yangu alivunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji, na wiki inayofuata baada ya hiyo Jumamosi anatoka hospitali kuja kukaa kwetu. Daktari ametuonya kwamba akianguka tena hatatembea maisha. Chumba pekee tulichonacho cha kumpa ni cha uani, na kutoka hapo kwenda chooni lazima ukatize ua. Nilipomwambia mume wangu aliwaza kidogo, akasema atamtandikia ubao, kama ile njia ya hifadhini. Ubao, mshauri, juu ya maji, kwa mwanamke anayetembelea gongo. Mimi mwenye miguu miwili mizima nimeshateleza pale nikakaa kitako mbele ya vyura.

Nikimwita fundi kwa siri, chemchemi inakauka, wageni wanakuja wanakuta tope, na mume wangu anaumbuka mbele ya watu pekee waliomheshimu tangu apoteze kazi. Nisipomwita, namleta mama yangu mzazi kuja kuvunjikia kwangu. Dada yangu anashauri nimwage lori la kifusi yeye akiwa huko kwa ndege wake. Nimeshaongea na mwenye lori. Ndipo nilipofikia, nisaidie.

Mke wa Chemchemi

*

Mke wa Chemchemi, pole, na hongera pia. Si kila mwanamke huolewa kwenye nyumba kavu akajikuta ana ziwa.

Tuanze na bwana mkubwa. Mtu anayewakemea watoto wa watu kwa ganda la karanga ndiye anayemwaga maji safi ya bomba kutwa kucha ili apigiwe makofi. Hifadhi iliomba beseni, yeye akatoa mafuriko, na hakuna aliyewahi kuitunza ardhioevu kwa kuachia bomba. Subira yake kwa viluwiluwi inatia moyo. Natamani abakize kidogo kwa ajili ya mama mkwe.

Sasa wewe, usijifiche nyuma ya sinia. Neno chemchemi lilipotamkwa ulikuwa umesimama palepale, ukamimina chai. Najua, ulimsitiri mumeo, na kumsitiri mwenzio si dhambi. Lakini tangu siku ile uongo huo una baba na mama, halafu unaniandikia kushangaa mtoto amekua. Mficha uchi hazai, bibi. Habari za ufa na ukuta sitakuambia, ukuta wa jiko lako unajieleza wenyewe. Na huyo mwenye lori mwambie aendelee na safari zake, maana kifusi juu ya bomba lililopasuka ni tope lilelile, ila limeongezeka kimo, na juu yake umepata ugomvi usioisha.

Kuna jambo moja sitalicheka. Umeandika barua ndefu ya vyura, na habari ya mumeo kuachishwa kazi umeigusa kwa haraka, kana kwamba ni ya jirani. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mtu aliyekuwa akishika funguo za stoo nzima alibaki na redio ya kubishana nayo, kisha akapata watu wanaomsikiliza, na akaingiwa na hofu kwamba beseni moja kama la wenzake halitatosha kuwafanya waendelee kumsikiliza. Inaniuma, nakwambia kweli. Hata hivyo heshima yake haiwezi kukalia nyonga ya mama yako.

Kwa hiyo leo, ukishaisoma hii, nenda kafunge koki pale kwenye mita. Ifunge mchana, mbele yake, asije akasema umemhujumu, kisha mwite fundi. Mtachota kwa jirani mpaka kazi iishe, hamtakufa. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake na mdomo wake, aende kwa dada mratibu kabla ya hiyo Jumamosi, amwambie lilikuwa bomba. Usimsemee. Ataona aibu, na aibu haijawahi kumvunja mtu nyonga. Viluwiluwi wahamie kwenye beseni, lile alilotakiwa kulizika tangu mwanzo, kwenye kona ya mbali na mlango wa mama.

Na hao wageni msiwazuie. Watu wanaoingia topeni kila Jumamosi kwa hiari yao, tena bila kulipwa, unawapata wapi wengine? Waje na majembe na changarawe, watengeneze njia kavu kutoka chumba cha mama hadi chooni, pana, yenye kishikio pembeni, na Mzee wa Matete awasimamie kwa sababu kusimamia watu ni kazi anayoiweza. Hotuba yake aitoe, ila abadilishe maneno. Wasipokuja kwa kuwa hakuna tena chemchemi ya kupiga nayo picha, basi waliyaheshimu maji, hawakumheshimu yeye, na ni afadhali alijue hilo sasa.

Akikataa, usipandishe sauti wala usilie. Kaa naye sebuleni, zima redio, umwambie: "Baba watoto, ua ukibaki hivi mimi siwezi kumshika mama peke yangu. Kila akitaka kwenda chooni, wewe ndiye utakayemshika kiuno umpeleke."

Mkwe wake, mchana kweupe, majirani wakitazama. Baada ya hapo nyamaza, na umwache atafute mwenyewe namba ya fundi.