Kitaa cha Njano na Dirisha la Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza niruhusu nitangaze rasmi, kwa wanafamilia, majirani na wote wanaohusika, kwamba leo asubuhi lori langu limewaka. Limewaka baada ya kukohoa, kutetemeka, kutoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi na kuamsha kila kiumbe chenye masikio, mama mkwe wangu akiwa wa kwanza, na hapo ndipo ilipo shida yangu.

Mimi ni dereva wa lori la viazi, mtu mzima mwenye kitambi na upara, naishi huku milimani ambako baridi ikianza hata maji ya kunawa yanauma, na lori langu ni la dizeli, likilala kwenye baridi haliamki ila kwa kubembelezwa, kwa hiyo nalilaza penye mteremko ili likigoma niliachie liserereke hadi liwake, na mteremko hapa kwetu ni mmoja tu, nao uko chini ya dirisha la chumba cha wageni, na mgeni ni mama mkwe, aliyekuja kumsaidia mke wangu na kichanga chetu cha uzeeni. Kila asubuhi napiga stati, linasema nyee-nyee-nyee, napiga tena, betri inaelekea kukata roho, likiwaka naliacha lingurume mpaka lipate joto, maana dizeli haitaki papara, na mimi huku naoga, natafuta soksi, nakunywa chai, moshi wote unaingia kwa mama, anakohoa, nami kama mkwe siwezi kumwambia mama mzima ahame chumba, nitaanzia wapi? Na si kwamba sijahangaika! Nikizungusha ufunguo kidogo, kwenye dashibodi kinawaka kitaa cha njano chenye picha ya springi, nikabadilisha springi zote za nyuma, wapi, kesho yake kitaa kikawaka tena, nikakipuuza.

Juzi mke wangu kanisimamia mlangoni. "Baba watoto, mama anaondoka mwisho wa mwezi, basi la alfajiri."

Nikamwambia, "Mwambie avumilie, gari linapashwa moto."

"Pasha gari lako. Mama akipanda basi, mimi na mtoto tunapanda naye. Ubaki ulale na injini."

Mshauri, lori ndilo linalotulisha, na bila mke wangu nyumba si nyumba. Nifanyeje?

Dereva Aliyeganda

*

Ndugu Dereva,

Nimesoma barua yako, nikaiweka chini, nikaichukua tena nikidhani macho yangu yana kasoro. Springi? Baba, springi za nyuma za lori ni vyuma bapa vilivyopangana kama madaftari. Hiyo ya kujiviringisha, kama ya kwenye picha, uliiona wapi chini ya lori lako? Baba yangu dereva, mume wangu dereva, na hili sijapata kulisikia. Hicho kitaa ni cha koili, waya wa kujiviringisha unaopasha injini. Kinakwambia: injini inajipasha joto kwa ndani, ngoja kidogo. Kikizimika ndipo upige stati. Wewe unapiga kikiwa kinawaka, kisha unailaumu baridi!

Nakuonea huruma, kuamka na baridi hiyo si mchezo. Lakini mama wa watu anavuta moshi, kichanga kimo nyumba hiyohiyo, nawe unatafuta soksi. Kesho zungusha ufunguo kidogo, mikono magotini, macho kwenye kitaa. Kizimike, piga stati kwa muda mfupi. Likigoma, pumzisha betri, ungoje kitaa upya. Likiendelea kugoma, fundi akague koili na betri, na springi usiziguse tena. Likiwaka, acha oili izunguke dakika chache tu, halafu ondoka polepole bila kulikanyagia mafuta, maana dizeli hupata joto barabarani, si kwa kungurumishwa uani. Soksi vaa kabla. Likishazoea kuamka, lilaze mbali na dirisha. Na mama umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mkeo.

Halafu hiyo chai isiyokwisha, unainywea wapi?

*

Mshauri, umeuliza, nami naeleza kilichotokea bila chumvi.

Gazeti lenye jibu lako lilinifikia siku ya kuamkia safari yao. Alfajiri nikaketi, mikono magotini. Kitaa kikazimika. Nikagusa stati, lori likaitika mara moja, moshi haba, nikaondoka kwa adabu kama mwizi. Mchana nikarudi nikijua nyumba ni tupu. Nikamkuta mama barazani, mabegi miguuni, amenuna.

"Mkwe, leo hukwenda kazini?"

"Nilikwenda, mama."

"Mbona sikusikia? Lori lako ndiyo saa yangu! Tumelala wote, na mtoto, basi limetuacha!"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwomba mama radhi palepale, kwa mdomo wangu. Akanitazama, akabeba begi lake kurudi ndani. "Basi la kesho lipo," akasema, "lakini usingizi huu nimeuonja. Acha niurudie kwanza." Mke wangu akafuata na begi la pili.

Na chai, mshauri, nilikuwa nainywea kwenye kabini. Mle mna hita, hakuna anayelia, hakuna anayeniuliza kitu. Lori lilikuwa tayari kuondoka kitambo. Aliyekuwa akipashwa moto ni mimi.